Qt na Visanduku Vinavyojipanga Vyenyewe: Namba ya NIDA Imepita, Shilingi Zimekwama

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika programu ya kompyuta za mezani kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na sehemu kubwa ya muda wangu imeishia kwenye jambo ambalo halikuwamo hata katika orodha ya mahitaji niliyokabidhiwa siku ya kwanza, nalo ni visanduku vya kuandikia vinavyopanga maandishi vyenyewe. Mhazini anapoandika 1250000 anataka aone 1,250,000 papo hapo, kwa sababu macho yake yamezoea kuhesabu koma kuliko kuhesabu sifuri. Karani anapoingiza namba ya kitambulisho cha taifa anataka vistari vikae mahali pake bila yeye kuvitafuta kwenye kibodi. Niliamua kuijenga programu hiyo kwa Qt, mkusanyiko wa zana za kujengea madirisha, vitufe na visanduku vya programu, nikiandika kwa Python kupitia PySide6, daraja linaloiunganisha Python na Qt, na tathmini hii inahusu zana ambazo Qt inampa msanidi kwa ajili ya kazi hiyo moja. Flutter, Swing na JavaFX, ambazo ni zana nyingine za kazi hiyo hiyo, nitazigusa pale tu zinapoonyesha kitu ambacho Qt imekipata au imekikosa.

Hukumu yangu naiweka mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote asisumbuke: kwa maandishi yenye urefu usiobadilika Qt inastahili nyota nne kati ya tano, na kwa fedha inastahili mbili. Namba ya kitambulisho hunakiliwa kutoka kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine, kuanzia kushoto hadi kulia. Kiasi cha fedha huandikwa, kikafikiriwa, kikarekebishwa katikati, kikaongezwa sifuri na pengine kufutwa chote. Qt imeielewa kazi ya kwanza vizuri sana, na ya pili imemwachia msanidi aimalize mwenyewe.

Kuhusu gharama sina mengi ya kusema. Qt ilitoka hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kutoka kampuni ya Trolltech ya Norway, kwa hiyo ni ya zamani kuliko baadhi ya wanaoitumia leo, na PySide6, ambayo ilitoka Desemba 2020 sambamba na Qt 6, inapatikana kwa leseni ya LGPL, yaani unaweza kuuza programu yako bila kulipia mradi uyaheshimu masharti yake. PyQt, ambayo inafanana nayo karibu kwa kila kitu, hutolewa kwa GPL, inayodai msimbo wa programu unayoisambaza nao uwe wazi, au kwa leseni ya kulipia, na kwa anayeuza programu iliyofungwa tofauti hiyo si ndogo. Anayepakua kwa bando la simu apakue PySide6-Essentials badala ya kifurushi kizima, kwa kuwa kila nitakachokitaja hapa kimo ndani yake.

Zana ya kwanza ni kiolezo, ambacho huwekwa kwenye QLineEdit, kisanduku cha Qt cha kuandikia mstari mmoja, kwa amri ya setInputMask. Unaandika mfuatano mfupi ambao kila alama ndani yake ina maana yake: 9 ni tarakimu ya lazima, 0 ni tarakimu ya hiari, D ni tarakimu ya lazima kuanzia 1 hadi 9, A ni herufi ya lazima, N ni herufi au tarakimu ya lazima, alama ya > hugeuza herufi zote zinazofuata kuwa kubwa, na nukta-mkato mwishoni hutangulia alama itakayojaza nafasi ambazo bado ni tupu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20 zilizogawanywa katika mafungu ya nane, tano, tano na mbili, kwa hiyo kiolezo chake ni 99999999-99999-99999-99;_ na hapo kazi imekwisha. TIN ya Tanzania, namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa, huwa 999-999-999;_ na PIN ya KRA, namba ya mlipakodi ya Kenya, ambayo ni herufi, tarakimu tisa na herufi nyingine, huwa >A999999999A;_ bila kuongeza kitu. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kurasa mbili za msimbo kwa ajili ya NIDA peke yake, nikajikuta nimeandika mstari mmoja na kubaki nikiutazama kwa mashaka.

Mashaka yale yalikuwa na msingi kidogo. Ukisahau ile nukta-mkato na alama yake, nafasi tupu hujazwa kwa nafasi wazi, na mtumiaji huona vistari vitatu vinavyoelea peke yake kama waya za kuanikia nguo. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba kisanduku chenye kiolezo, hata kikiwa hakijaandikwa chochote, hurudisha vile vitenganishi ukikiuliza maandishi yake; kwa NIDA utapata "---". Msanidi anayekagua kama kisanduku ni kitupu kwa kuangalia kama maandishi yana urefu wa sifuri atahifadhi vistari vitatu kwenye hifadhidata na kuviita kitambulisho cha mwanachama. Mimi nilivihifadhi kwa siku mbili za majaribio kabla sijashtuka. Dawa yake ni kutumia hasAcceptableInput, ambayo hujibu kama kiolezo kimejazwa kikamilifu, na kuviondoa vitenganishi wewe mwenyewe kabla ya kuuliza kama kuna kitu kilichoandikwa.

Kasoro ya pili haionekani kwa msanidi kwa sababu msanidi hutembea kwa kitufe cha Tab. Karani hutembea kwa puku. Anabofya katikati ya kisanduku kitupu, kishale cha kuandikia kinatua pale pale alipobofya, katikati ya mistari ya chini iliyojipanga, naye anaanza kuandika mwaka wa kuzaliwa kwenye fungu la tatu. Kwa mtu aliyezoea visanduku vya kawaida, ambamo kubofya popote penye utupu hukurudisha mwanzo, hili ni jambo la kumchanganya kabisa. Suluhisho nililolitumia ni kurithi QLineEdit na kukirudisha kishale mwanzoni pale kisanduku kinapopokea mbofyo kikiwa bado kitupu, tena kwa kuchelewesha amri hiyo kwa QTimer.singleShot ya sifuri, kwa sababu usipoichelewesha mbofyo wenyewe utakuja baadaye na kukipeleka kishale ulikokitoa. Ni mistari sita au saba ya msimbo, lakini ilipaswa kuwa chaguo la kuwasha na kuzima.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoninyima nyota ya tano. Ndani ya kiolezo, kuandika katikati ni kuandika juu ya kilichopo. Tuseme karani ameruka tarakimu moja katika fungu la pili na amegundua hilo alipofika mwisho, kwa kuwa amebakiwa na nafasi moja tupu. Katika kisanduku cha kawaida angerudi, akaichomeka ile tarakimu iliyokosekana, na zilizobaki zingesogea kulia. Katika kiolezo cha Qt ile mpya inaifuta iliyokuwapo, na kufuta huacha shimo mahali pake bila kuvuta zinazofuata. Hana njia isipokuwa kuandika upya kuanzia pale alipokosea hadi mwisho. Kwa namba ya tarakimu 20 jambo hili linachosha, ingawa nimeshuhudia pia faida yake: kwa kuwa hakuna kinachosogea, tarakimu zilizo sahihi hubaki kwenye mafungu yake, na jicho linalolinganisha kadi na skrini halipotei.

Ipo pia tabia ya nne ambayo inahitaji kuelezwa kwa watumiaji kabla hawajakupigia simu. Kisanduku chenye kiolezo au kithibitishi (kipande cha msimbo kinachokagua maandishi) hakitoi ishara, yaani taarifa ambayo Qt huipelekea programu, ya kumaliza kuhariri mtu anapobonyeza Enter wakati maandishi hayajakamilika. Ni uamuzi wa busara, lakini ukiuacha hivyo hivyo skrini haisemi kitu, na mtu hubonyeza Enter mara nne, kisha hutangaza kwamba kompyuta imeganda. Tangu Qt 5.12 kuna ishara inayoitwa inputRejected, ambayo hutolewa kila mtumiaji anapoandika kitu kisichokubalika. Niliiunganisha na mpaka mwekundu wa kisanduku, na kwa upande wa Enter niliongeza ujumbe mfupi chini ya kisanduku unaosema tarakimu ngapi bado.

Pamoja na hayo yote, aliyewahi kufanya kazi hii kwa Swing ya Java ataipokea Qt kwa mikono miwili. JFormattedTextField iliingia katika Java 1.4, na MaskFormatter yake ina alfabeti inayokaribiana na ya Qt, ambapo # ni tarakimu na U ni herufi kubwa. Mtego wake umo katika kinachotokea mtu anapokiacha kisanduku. Mpangilio wa kawaida, unaoitwa COMMIT_OR_REVERT, hujaribu kuyakubali maandishi, na yakiwa hayajakamilika huyarudisha kuwa thamani ya mwisho iliyokuwa halali. Maana yake kwa lugha ya ofisini ni hii: umeandika tarakimu 19 kati ya 20, simu ikaita, ukabofya kwingine, na uliporudi ukakuta kisanduku kitupu kana kwamba hukuwahi kukigusa. Inawezekana kubadili hadi PERSIST, na kila anayetumia Swing anapaswa kufanya hivyo siku ya kwanza, lakini Qt huyaacha maandishi yalivyo bila kuombwa.

Namba za simu niliziweka kwenye kiolezo kwa kudhani zinafanana na NIDA. Nilikosea. Kwa karatasi zinafanana kweli: +255 ikifuatwa na tarakimu tisa, na kiolezo +255 999 999 999;_ kinaonekana kimetimia. Lakini simu haziandikwi tu, hubandikwa, na hubandikwa kwa sura tofauti tofauti. Mtu akibandika 0712345678, ile sifuri ya mwanzo ni tarakimu halali kwa kiolezo, kwa hiyo inachukua nafasi ya kwanza, na tarakimu ya mwisho inadondoka kimya kimya kwa kukosa nafasi. Akibandika +255712345678 wakati kishale kimeshavuka msimbo wa nchi, alama ya kujumlisha inarukwa, 255 inaingia kama sehemu ya namba, na unabaki na +255 255 712 345. Namba zote mbili zimejaza kiolezo, hasAcceptableInput inazipokea zote mbili, na hakuna hata moja itakayoita. Niliking'oa kiolezo kile. Sasa kisanduku cha simu kinakubali chochote kile, na mtu akishatoka ndani yake ndipo ninapoipanga namba kwa maktaba ya phonenumbers, ambayo ni tafsiri ya Python ya libphonenumber ya Google, na ambayo inajua kwamba 07 ya Tanzania na 01 ya Kenya ni mambo mawili.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko hasa tathmini hii ilikokuwa ikielekea.

Qt ina QSpinBox, kisanduku cha namba chenye vishale viwili pembeni, na tangu Qt 5.3 kinaweza kuonyesha vitenganishi vya maelfu kwa setGroupSeparatorShown. Anayekitumia kwa mara ya kwanza atakutana na kikomo cha awali cha 99, ambacho hukataa tarakimu ya tatu bila maelezo, na akishakiondoa atakutana na kikomo halisi: thamani huhifadhiwa kama namba kamili ya biti 32, kwa hiyo haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Kwa dola hicho ni kiasi ambacho wengi wetu hatutakigusa kamwe. Kwa shilingi ni bilioni mbili na ushee, na jumla ya akiba za chama chenye wanachama wengi huweza kuzifikia. QDoubleSpinBox iliyowekwa desimali sifuri huvuka kikomo hicho, lakini zote mbili zina tabia nyingine mbili ambazo kwa fedha sizikubali. Kwanza, koma haziji wakati wa kuandika. Zinakuja mtu anapobonyeza Enter au anapotoka kwenye kisanduku, yaani baada ya muda ambao mhazini alizihitaji. Pili, visanduku hivi hupokea mzunguko wa gurudumu la puku hata kama mtu hajavibofya. Unashusha fomu ndefu kwa gurudumu, puku inapita juu ya kisanduku cha marejesho, na 350,000 inageuka kuwa 349,997 bila mtu kuandika chochote. Kuizima tabia hii kunawezekana kwa kuupuuza mzunguko huo katika wheelEvent, na kama kuna ushauri mmoja wa kuondoka nao hapa, basi ni huo.

Kwa hiyo nilirudi kwenye QLineEdit ya kawaida nikaamua kupanga maandishi mwenyewe. Hapa Qt inastahili sifa moja. Ina ishara mbili, textChanged na textEdited, na ya pili haitolewi unapobadilisha maandishi kwa setText kutoka ndani ya programu. Ukiweka kazi yako ya kupanga kwenye textEdited huwezi kuzama katika ule mzunguko usio na mwisho ambao kila aliyewahi kuandika TextWatcher ya Android anaufahamu, ambapo kubadilisha maandishi kunaamsha kazi inayobadilisha maandishi. Ukiiweka kwenye textChanged utakuwa umejitakia.

Shida ni kishale. Chukua 125,000 na tuseme mhazini amekiweka kishale baada ya tarakimu 1, anataka kuichomeka 34 ili apate 13,425,000. Anaandika 3. Programu inapanga upya na kupata 1,325,000, kisha setText inakipeleka kishale mwisho kabisa, kama inavyofanya siku zote. Anaandika 4 bila kutazama, na anapata 13,250,004. Msanidi mwenye uzoefu kidogo atasema nitakumbuka kishale kilikuwa nafasi ya ngapi na kukirudisha. Kilikuwa nafasi ya pili, lakini nafasi ya pili sasa iko baada ya koma na kabla ya 3, kwa sababu koma mpya imeingia kushoto. Anaandika 4, na anapata 14,325,000. Tazama hatari ya jibu hili la pili: lile la kwanza kila mtu angeligundua, ila hili linafanana na kiasi kilichokusudiwa, lina urefu ule ule, na limepita kiasi hicho kwa shilingi laki tisa.

Njia sahihi ni kuhesabu tarakimu na kuzisahau herufi. Kabla ya kupanga, hesabu ni tarakimu ngapi ziko kushoto kwa kishale, ukiziruka koma. Panga maandishi. Kisha tembea kutoka mwanzo hadi uipite idadi ile ile ya tarakimu, na hapo ndipo ukiweke kishale. Ukifuata njia hiyo, 3 inapoingia kishale kinakaa baada ya 1,3 na 4 inakwenda mahali pake. Ni mistari kumi, na Qt inayo kila kitu kinachohitajika, yaani cursorPosition na setCursorPosition. Kisichokuwapo ni mahali palipoandaliwa kwa ajili yake.

Hata hivyo njia hiyo nayo ina pengo, nalo limo kwenye kufuta. Kishale kikiwa baada ya koma na mtu akafuta kwenda nyuma, koma inaondoka, programu inairudisha, na kishale kinarukia upande wa kushoto wa koma. Mtumiaji amepoteza mbonyezo mmoja lakini wa pili utafanya kazi. Kishale kikiwa kabla ya koma na mtu akabonyeza Delete, koma inaondoka, inarudi, na kishale kinabaki pale pale. Anabonyeza tena, hali ni ile ile. Anaweza kubonyeza hadi jua lizame. Siku ya majaribio mhazini, ambaye ana umri wa kunizaa, aliniita akaniambia, "Mwanangu, hii mashine yako inang'ang'ania pesa kuliko mimi." Nilimwomba radhi, shikamoo ikafuata kwa kuchelewa, nikakaa kwenye kiti chake.

Ili kuliziba pengo hilo lazima ujue maandishi yalikuwaje kabla ya badiliko, ili uweze kusema: tarakimu hazikupungua, kilichopungua ni koma, kwa hiyo aliyekusudiwa kufutwa ni jirani yake. Ishara ya textEdited hukupa maandishi mapya peke yake. Ya zamani unayatunza mwenyewe kwenye kigezo cha pembeni, na kama aliyefuta alitumia Delete au kitufe cha kufutia nyuma unalijua kwa kuingilia keyPressEvent. Hapa ndipo Flutter inapoipita Qt kwa mbali. TextInputFormatter ya Flutter ina kazi moja, formatEditUpdate, inayopokea hali ya zamani na hali mpya kwa pamoja, na kila hali ina maandishi pamoja na mahali pa kishale ndani yake. Unarudisha hali moja iliyopangwa, nayo inawekwa kwa mkupuo mmoja. JavaFX, tangu toleo la 8u40, ina TextFormatter ambayo huenda mbali zaidi kwa kukupa badiliko lenyewe: lilianzia wapi, likaishia wapi, kiliingia nini, na ukirudisha null badiliko lote linakataliwa. Walioziunda zana hizo walitambua kwamba maandishi na kishale ni kitu kimoja. Flutter nayo ina mitego yake, kwa mfano wapangaji hufuatana kwa mpangilio ulivyowaorodhesha, na ukimweka digitsOnly, anayeruhusu tarakimu pekee, baada ya mpangaji wako atazifagia koma zote ulizoziweka, lakini huo ni mtego unaouona dakika ya kwanza.

Qt ina kitu kinachokaribia hapo, kimejificha kwenye QValidator, yaani kile kithibitishi. Kazi yake ya validate hupokea maandishi na nafasi ya kishale, na inaruhusiwa kuvibadilisha vyote viwili kabla ya kujibu kama maandishi hayakubaliki, yako njiani, au yamekubalika. Hilo jibu la katikati ni wazo zuri sana, kwa kuwa kisanduku chenye "1," hakijakosea, hakijamaliza tu. Mwishowe nilikihamishia kipangaji changu cha fedha huko na msimbo ukawa safi zaidi. Hata hivyo validate nayo haipewi maandishi ya zamani, na jina lake linamwambia msomaji kwamba kazi yake ni kukagua. Msanidi mpya hawezi kukisia kwamba mlango wa kupanga maandishi umo ndani ya chumba cha ukaguzi.

Lugha na nchi Qt imezishughulikia vizuri. QLocale, sehemu yake inayojua taratibu za kila lugha na nchi za kuandika namba, inacho Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na inajua kwamba Kongo hutumia nukta kwa maelfu na koma kwa desimali, kinyume cha huku kwetu. Onyo langu ni kwamba usipoichagua wewe mwenyewe, Qt hufuata mpangilio wa kompyuta. Kompyuta mojawapo ya ofisi ile ni ya mtumba kutoka Ujerumani, mfumo wake bado umewekwa kwa taratibu za huko, na 1,250,000 ilitokea juu yake kama 1.250.000. Ubaya zaidi ni pale mtu anapoandika 1.250 na programu ikabaki kuchagua kati ya shilingi elfu moja mia mbili na hamsini na shilingi moja na senti ishirini na tano. Mstari mmoja wa QLocale.setDefault mwanzoni mwa programu uliyamaliza yote hayo.

Kile ambacho hakuna fremuweki itakayokusaidia ni /= yetu. Mhazini huimalizia kila namba kwa alama hizo, 50,000/=, kwa sababu ndivyo anavyoandika kwenye stakabadhi tangu ujana wake, na vidole vyake havijui kuandika fedha bila kuzimaliza hivyo. Kipangaji changu cha awali kilizikataa na kumulika mpaka mwekundu. Sasa kinazipokea na kuzitupa bila kusema neno. Vivyo hivyo kwa saa: kisanduku cha muda wa kikao kiliwekewa kiolezo 99:99, na katibu akaandika 02:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Hapo niliondoa kisanduku kabisa nikaweka orodha ya kuchagua yenye maneno.

Kuna deni moja ambalo bado sijalilipa. Kila setText hufuta historia ya kutendua, kwa hiyo kwenye kisanduku kinachojipanga kila baada ya tarakimu, Ctrl+Z haina cha kurudisha. Karani mdogo, aliyesoma kompyuta chuoni, aliligundua siku ya pili. Kwa sasa nimemwekea kitufe kidogo pembeni kilichoandikwa "Rudisha", kinachokumbuka kiasi cha mwisho kilichohifadhiwa na si zaidi ya hapo, naye ananiuliza kila wiki lini kitakumbuka viwili.